Jinsi ya kuandaa kozi ya watu wazima wanaojifunza tofauti tofauti, hatua kwa hatua mpaka uione inafanyiwa kazi

Maswali yanayonijia kuhusu hii kitu ni yale yale. Mtu kaandaa semina, kakodi ukumbi, kachapisha makabrasha, watu wamejaa, wamecheka, wamekula, wamepiga picha ya pamoja, fomu ya tathmini wote wamejaza "nzuri sana", afu mwezi ukipita ukienda mwaloni (pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki na biashara inafanyika) hamna hata mmoja anayefanya ulichofundisha. Ndo unasikia "watu wazima wagumu kuelewa", au ile ya kisomi kidogo, "sikuzingatia kwamba kila mtu ana staili yake ya kujifunza".

Mara nyingi kozi ilishaharibika tangu kwenye karatasi, kabla hata mshiriki wa kwanza hajafika. Kwa hiyo twende toka mwanzo mpaka mwisho, na hiyo stori ya staili za kujifunza tutaifikia hatua ya tatu, nina maneno nayo.

Mfano wangu mmoja tu mwanzo mwisho: kozi ya hesabu za biashara kwa akina mama wanaonunua dagaa wabichi, wanaanika, wanauza. Chukulia ni huku Mwanza, Kayenze au Igombe, au wale wanaopeleka mzigo mwaloni Kirumba. Kama wewe wako ni mafundi cherehani wa Buhongwa au bodaboda wa Igoma badilisha vitu, hatua zinabaki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Watu watatu wanne wa aina ile ile utakayowafundisha, wa kuongea nao kabla. Hiki ndo kifaa namba moja na ndo wengi wanakiruka.
- Vitu halisi vya kazi yao: daftari wanalotumia (kama lipo), ndoo, mizani, dagaa wenyewe kidogo, waliokauka vizuri na wasiokauka.
- Bango kitita, maka peni za rangi mbili, gundi ya karatasi.
- Manila zilizokatwa kadi za ukubwa wa kiganja.
- Vizibo vya soda, 130 kwenda juu. Bei bure, omba dukani.
- Chumba chenye viti vya kuhamisha. Darasa la shule lenye madawati ya watu watatu watatu linafaa kama hamna pengine, ila kazi za vikundi zitakusumbua.
- Msaidizi mmoja anayeongea lugha ya pale. Mwanza mjini Kiswahili kinatosha, ila ukiingia vijijini utakuta bibi ambaye hesabu zake zote anazipiga kwa Kisukuma, na ukivuka Ukerewe mambo yanabadilika tena.
- Simu yenye bando, na pesa ya kurudi kuwaona baadae. Hiyo ya kurudi itenge kabisa mwanzoni maana ikichanganywa na ya chakula italiwa.

Projekta sio lazima. Ukiwa nayo sawa, ila umeme ukikatika kozi isife.

## Hatua ya 1: Kaa nao kabla hujaandika chochote

Nenda wanapofanyia kazi, sio uwaite ofisini. Fika, salimia vizuri, mwangaluka yako (salamu ya Kisukuma) hata kama imepinda wataipokea kwa kicheko, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tazama. Mzigo unaingia alfajiri, wananunua kwa ndoo, wanamwaga, wanaanika, kuna mtu wa kugeuza, jioni wanakusanya. Pesa inatoka mfukoni mara ngapi kwenye huo mzunguko? Inatokea mfuko gani? Hapo ndo kozi yako ilipo.

Usiulize "mna changamoto gani", manake utajibiwa "mtaji" na mazungumzo yameisha. Uliza kuhusu mara ya mwisho.

"Shikamoo mama. Ule mzigo wa juzi, ulinunua ndoo ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Tano."

"Ikabaki shilingi ngapi mkononi?"

"Aah, mkononi! Iliisha na unga."

Hayo majibu mawili yana thamani kuliko dodoso la kurasa nane. Umeshajua hapo kwamba pesa ya biashara na ya nyumbani zinakaa pamoja, na kwamba mama akiulizwa faida anahesabu kilichobaki kwenye khanga.

Kwa nini: mtu mzima anakuja na miaka yake ya kazi kichwani. Ukimfundisha kitu kisichogusa anachokijua anakusikiliza kwa heshima, anaenda nyumbani.

Angalia: mwenyekiti wa kikundi atataka kujibu kwa niaba ya wote. Mpe heshima yake, msikilize mpaka mwisho, afu tafuta namna ya kuongea na yule aliyekaa pembeni kimya.

Umefanikiwa kama unaweza kumweleza mtu tatizo lao kwa maneno yao wenyewe, bila kutumia neno lolote la kwenye proposo, yaani andiko la kuombea ufadhili.

## Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya kitu watakachoweza kufanya

Sentensi moja, yenye kitendo ambacho unaweza kukiona kwa macho. "Washiriki wataelewa umuhimu wa kutunza kumbukumbu" futa, kuelewa umuhimu hakuonekani. Andika hivi: "Kila mshiriki ataandika mzunguko mmoja wa mzigo kwenye daftari na kusema faida ni shilingi ngapi, bila msaada."

Afu chukua kila mada uliyokuwa umeipanga, uliza: bila hii, hiyo sentensi inawezekana? Ikiwezekana, mada inatoka. Inauma, najua, hasa ile mada ya "aina za wajasiriamali" uliyoifanyia slaidi nzuri, ila itoe. Akili ya mtu ikipokea vitu vipya inabeba vichache sana kwa mara moja, vitatu vinne hivi, vinavyozidi vinamwagika hata awe mwanafunzi bora, sembuse mtu aliyeamka saa tisa usiku kusubiri mtumbwi.

Na hii ya kufundishia kwenye kazi ya mtu wala sio jambo geni kwetu, huku kanda ya ziwa kulikuwa na mradi wa UNESCO wa kisomo toka 1968 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera, watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba na vya uvuvi. Herufi na jembe kwa pamoja.

Umefanikiwa kama ukimsomea mshiriki mtarajiwa hiyo sentensi anasema "hiyo naitaka", na wewe unajua siku ya mwisho utaangalia kitu gani kujua kapata.

## Hatua ya 3: Panga kwa ajili ya tofauti zao, ila tofauti za kweli

Hapa ndo wengi wanapopotea na mi sitaki kupita haraka.

Umesikia kwamba kuna watu wa macho, watu wa masikio, na watu wa mikono, kwa hiyo unawapa dodoso, unawagawa, kila kundi unalifundisha kivyake. Inasikika vizuri mno. Shida ni kwamba ilipopimwa haikusimama. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakatafuta ushahidi wa kitu kimoja tu: je, mtu wa macho akifundishwa kwa macho na wa masikio kwa masikio, wanajifunza zaidi kuliko wakibadilishana? Tafiti zilizofanywa inavyotakiwa zilikuwa chache sana, na kati ya hizo kadhaa zilionyesha kinyume. Watu wana wanachokipenda, hilo kweli. Ila kupenda kusikiliza hakumaanishi utajifunza kufunga nyavu kwa kusikiliza.

Kwa hiyo dodoso la staili liache, limekula muda wa watu bure. Na ubaya wake mwingine, ukishamwambia mama "wewe sio mtu wa kusoma" umempa sababu ya kutogusa daftari maisha yake yote.

Njia ya kufundishia inaamuliwa na kitu chenyewe. Dagaa aliyekauka vizuri huwezi kumfundisha kwa slaidi hata ukiwa na projekta ya ukutani, ni wa kushika, unamvunja anasema *kach*, unanusa, unamwona anang'aa rangi ya fedha na hana mchanga. Hapo wote ni watu wa mikono na pua. Hesabu ni ya kuona imepangwa mstari kwa mstari. Kupatana bei na tajiri wa lori ni ya masikio na mdomo, mnaigiza. Kitu kimoja kikubwa kipitishe njia mbili tatu kwa watu wote: wakione, wakiseme, wakifanye.

Sasa tofauti zenyewe zinazoua kozi ni hizi, na kila moja ina dawa yake.

Anachokijua tayari. Hii ndo kubwa kuliko zote. Mwenye miaka kumi mwaloni na aliyeanza juzi hawawezi kupewa zoezi moja. Mgeni anahitaji mfano uliofanywa wote mbele yake, hatua kwa hatua. Mzoefu ukimpitisha kwenye huo mfano unamchosha na hata unamvuruga, yeye mpe tatizo moja kwa moja.

Kusoma na kuandika. Watakuwepo wasiosoma na hawatakwambia. Watasema "nimesahau miwani". Usimwite mtu yeyote asome kwa sauti mbele ya watu, hata kwa nia nzuri. Kila kitu cha muhimu kiwe na alama: ndoo imechorwa, boda imechorwa, nyumba imechorwa, tarakimu pembeni. Tarakimu karibu wote wanazijua kwa sababu ya simu na noti.

Macho na masikio kweli kweli. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu yanaanza kugoma. Kabrasha la herufi ndogo wanaoliona ni vijana tu. Tumia herufi za saizi 14 kwenda juu, na weka mezani miwani ya kusomea miwili mitatu ya bei ya chini, utashangaa inavyozunguka. (Na yule wa "nimesahau miwani" utamjua hapo, ila kaa nayo moyoni.)

Nani yuko chumbani. Mwenye mtumbwi akiwa kwenye kozi moja na vibarua wake, vibarua hawaongei. Mkwe na mkwe, hivyo hivyo. Wagawe vikundi tofauti kabla, kwa kisingizio chochote, rangi ya kadi inatosha.

Muda na mwili. Kuna mwenye mtoto mgongoni, kuna aliyekesha. Hii inaingia kwenye ratiba, hatua ya tano.

Angalia: usijaribu kutengeneza kozi tano ndani ya moja. Unatengeneza moja yenye milango kadhaa ya kuingilia, basi.

Umefanikiwa kama una orodha ya watu au aina za watu wanaokuja, na mbele ya kila mmoja umeandika kitu kimoja utakachokifanya kwa ajili yake.

## Hatua ya 4: Tengeneza kazi kwanza, maneno yako baadae

Wengi wanaanza kuandika watakachosema. Anza na watakachofanya wao, maneno yako yajaze mapengo. Kwa kila ujuzi kuna vipande vitatu: naonyesha, tunafanya wote, unafanya mwenyewe. Usiruke cha katikati.

Hivi ndo nausuka mfano wa daftari. Namba ni za mfano tu, weka bei za kwenu za wiki hiyo hiyo maana ukiweka za zamani watakusahihisha dakika kumi nzima.

Mama kanunua ndoo 5 kwa 20,000 kila moja, hapo 100,000. Boda 5,000. Wa kugeuza 6,000. Ushuru 2,000. Jumla katoa 113,000. Kauza mzigo wote 130,000. Njiani kurudi kanunua unga na mboga 8,000, kampa mtoto ya shule 5,000. Kafika nyumbani ana 4,000 juu ya mtaji wake, anasema "biashara hailipi, nimepata buku nne".

Uliza chumba: imelipa shilingi ngapi? Waache wabishane. Usijibu. Watatokea wa elfu nne, wa 30,000, na wa 17,000, na hapo kila mtu anataka kujua nani yuko sawa.

Afu leta vizibo. Kizibo kimoja 1,000. Mwaga 130 mezani, mtu mmoja awe boda anachukua vyake vitano, mwingine wa kugeuza anachukua sita, wa ushuru viwili, mwenye ndoo mia. Vinabaki 17. Vihesabu kwa sauti. Ndo sasa "nyumba" inakuja inachukua 13, vinabaki vinne. Biashara imeleta 17,000, nyumba imekula 13,000, na hizo ni mifuko miwili tofauti. Nakwambia kile kitendo cha mtu aliyeigiza nyumba kunyoosha mkono na kukomba vizibo kinaongea kuliko saa zima la mhadhara, kuna wanaoguna kabisa.

Baada ya hapo tu ndo unachora daftari kwenye bango kitita: tarehe, nimenunua, nimetumia, nimeuza, imebaki, na mstari mwekundu, chini yake "nyumba". Wameshaiona mezani, sasa wanaiona kwenye karatasi.

Mazoezi yafanye kwenye kadi za ngazi tatu:

- Kadi ya kwanza ina hesabu yote imejazwa isipokuwa mstari wa mwisho.
- Ya pili ina mapengo matatu.
- Ya tatu ni stori tu, na ndani yake kuna mtego: ndoo nzima imeuzwa kwa mkopo na pesa haijaja.

Usitangaze kadi ipi ni ya nani. Ziweke mezani, sema "chukua, ukimaliza chukua nyingine". Watu wazima wanajipima wenyewe vizuri wakiwa hawatazamwi.

Kwa nini: ukianza na daftari tupu, asiyeandika ameshatoka kabla hujaanza. Ukiishia kwenye vizibo, kesho atakuwa hana vizibo. Lazima zote mbili na kwa huo mpangilio.

Angalia: mjuaji wa kikundi. Atashika peni na kumaliza kila kitu mwenyewe, wenzake wanatazama. Sheria yangu: anayejua zaidi anaelekeza kwa mdomo, peni inashikwa na mwingine.

Umefanikiwa kama ukiangalia mpango wako, muda wao wa kufanya unazidi muda wako wa kuongea. Nusu kwa nusu ndo mwisho wa kuvumilia.

## Hatua ya 5: Ratiba ifuate maisha yao

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua au unasimama, mitumbwi inakaa, watu wanatengeneza nyavu na kupumzika. Hapo ndo kozi yako inapokaa, kwenye siku za mwezi mkubwa. Ukiweka semina wakati wa giza unashindana na pesa ya mtu na utashindwa tu, afu utaandika kwenye ripoti "mahudhurio hafifu".

Kila kazi ina kalenda yake. Bodaboda asubuhi na jioni hapatikani, mkulima wakati wa palizi hapatikani, mama lishe mpaka saa tisa alasiri hapatikani. Ulizia hatua ya kwanza.

Gawanya. Siku mbili nzima nzima ni mbaya kuliko nusu siku nne zilizoachana. Kitu ulichokirudia baada ya siku kadhaa kinakaa kuliko ulichokirudia muda ule ule, hii imejulikana toka majaribio ya Hermann Ebbinghaus Ujerumani mwaka 1885 na haijabatilika. Kwa akina mama wetu mi ningepanga vipindi viwili mbalamwezi hii na viwili inayofuata. Katikati hapo wana giza zima la kujaribu daftari kwenye mzigo wa kweli, wakirudi wanarudi na maswali ya kweli.

Wanaotoka visiwani hesabu ratiba ya meli, kipindi kiishe kabla hawajaanza kuangalia saa. Mtoto wa mgongoni tafutia mkeka na mtu wa kumshika.

Posho, haya, tuseme. Nauli na chakula lipa, ni haki. Ila ukilipa posho inayozidi anachopata kwenye kazi yake hutajua nani amekuja kwa ajili ya daftari. Ukiweza, toa kitu cha kufanyia kazi badala ya pesa ya ziada, daftari gumu na peni na kibegi cha plastiki cha kukingia maji.

Umefanikiwa kama kipindi cha pili wamerudi karibu wote waliokuja cha kwanza.

## Hatua ya 6: Waulize, wajibu bila kuangalia

Ukimaliza kitu usiseme "tumeelewana?" Watasema ndiyo, adabu tu. Sema "funga daftari, mgeukie jirani, mwambie mistari mitano ya daftari kwa mpangilio". Dakika mbili. Afu wafungue waone walichosahau.

Kuna jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke kule Marekani, 2006, wanafunzi wengine walisoma na kurudia kusoma, wengine walisoma afu wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojaribu kukumbuka ndo waliobaki na vitu kichwani. Wewe unawafundisha kwa ajili ya wiki ijayo, hivo hata ikionekana wanahangaika pale ukumbini waache wahangaike kidogo.

Mwanzo wa kila kipindi, kabla ya kitu kipya, anza na swali la kipindi kilichopita. Mwisho wa kipindi tena.

Angalia: usiite mtihani wala jaribio. Kuna mtu mara ya mwisho kusikia hilo neno alichapwa. Na majibu yatoke kwa jozi au kwa mkono wote kwa pamoja, kidole kimoja au vidole viwili, asiaibishwe mtu mmoja.

## Hatua ya 7: Jaribu na watu wachache kwanza

Chukua wanne watano, wapitishe kwenye kazi ngumu kuliko zote, kwetu ni ile ya vizibo mpaka daftari. Kaa kimya uandike vitu viwili: wameuliza nini, na wamekwama wapi kwa zaidi ya dakika moja. Mara nyingi utakuta maelekezo yako ndo mabovu, sio wao. Fupisha, rudia.

Hatua fupi ila ikirukwa utayajua makosa yako mbele ya watu thelathini.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema panga viti nusu duara au mezani kwa vikundi. Mgeni rasmi kama hakwepeki mpe mwisho, wakati wa kugawa daftari, atafurahi na picha itapatikana. Ukimweka mwanzo atakula saa zima na watu watakuwa wamechoka kabla ya kizibo cha kwanza.

Usianze na utambulisho wa kila mtu jina, anapotoka, matarajio yake. Waweke jozi, wape swali la mzigo wa juzi, majina yatajulikana humo humo.

Chai iwe mapema kuliko ulivyozoea, maana wengine hawajala toka usiku.

Mtu akikupinga mbele ya watu mshukuru na umpe nafasi aeleze. Kwenye jambo la dagaa kuna uwezekano mkubwa yeye ndo yuko sahihi.

Umefanikiwa kama saa ya pili kelele ya chumba ni ya kwao.

## Hatua ya 9: Rudi ukaangalie

Wiki mbili tatu baada ya kipindi cha mwisho rudi mwaloni. Usiulize "mnaendeleaje na mafunzo", watakupa jibu zuri uondoke. Sema "mama naomba nione daftari".

Katikati hapo wenye simu janja waweke kwenye grupu la WhatsApp, tuma voisi fupi chini ya dakika moja, swali moja tu: "Mzigo wa wiki hii, mstari wa nyumba umeandika ngapi?" Voisi inawafaa hata wasiosoma. Wenye vitochi piga, ni dakika mbili. Ujumbe mrefu wa maandishi hausomwi na mtu, wala picha za "asubuhi njema" usiziruhusu, grupu litakufa ndani ya wiki.

Ukifika hesabu vitu vitatu: wangapi wana daftari lenye mzunguko angalau mmoja uliokamilika, wangapi waliacha katikati, na waliacha mstari upi. Huo mstari ulioachwa ndo taarifa yako ya kweli, kuliko fomu zote za "nzuri sana".

Mstari wa "nimetumia" ukiwa mtupu kwa wengi, maana yake matumizi madogo madogo hawayakumbuki jioni. Wafundishe kukunja fundo kwenye khanga au kudondosha kizibo kwenye mkebe kila wanapotoa elfu moja, wakahesabu baadae. Mstari wa "nyumba" ukiwa mtupu kuna jambo lingine, huenda daftari linasomwa na mtu mwingine nyumbani na mama hataki maswali, hapo usilazimishe, mwambie atumie alama yake mwenyewe. Na kama tarehe zenyewe hamna, rudi hatua ya tano, manake hawajapata muda wa kuandika na itabidi mkae mpange kwenye ile siku yao ni saa ngapi daftari linafunguliwa, kabla ya kukusanya mzigo au baada.